Homa inayokuja baada ya UVIKO-19: Ufahamu ugonjwa wa mchochota wa viungo vingi kwa watoto

Mtoto hupata mafua na kikohozi chepesi, hupumzika nyumbani siku chache, kisha hurejea shuleni akiwa mzima. Baada ya wiki nne hivi huanza homa kali isiyotulia. Tumbo humuuma, hutapika, macho huwa mekundu na mwili hulegea. Mzazi aliyekwisha kuyasahau yale mafua haoni sababu ya kuyataja mbele ya daktari. Hata hivyo, taarifa hiyo ndogo yaweza kuwa ndiyo ufunguo wa kumwokoa mtoto huyo.

Ugonjwa unaozungumziwa hapa ni mchochota wa viungo vingi kwa watoto, unaojulikana kimataifa kwa kifupi cha MIS-C. Mchochota ni hali ambayo sehemu ya mwili huvimba, hupata joto na kuuma pale mfumo wa kinga unapopambana na adui. Kwa kawaida hali hiyo huulinda mwili na hutulia adui anaposhindwa. Katika ugonjwa huu, kinga huendelea kupigana wakati virusi vya UVIKO-19 vimekwisha kudhibitiwa, na mapambano hayo huumiza moyo, mishipa ya damu, utumbo, figo, ngozi na wakati mwingine ubongo.

Ni ugonjwa adimu. Watoto walio wengi mno hupata UVIKO-19 na kupona bila madhara ya aina hii. Lakini mtoto anayeupata anaweza kubadilika kutoka homa ya kawaida hadi kushuka kwa shinikizo la damu ndani ya siku chache, na ndiyo maana wazazi, walezi, walimu na watoa huduma za afya wanapaswa kuufahamu.

Jinsi ulivyogunduliwa

Katika miezi ya mwanzo ya janga la UVIKO-19, taarifa kutoka sehemu nyingi zilionesha kuwa watoto hawaathiriki sana. Mwezi Aprili 2020 picha hiyo ilianza kubadilika. Nchini Uingereza, madaktari wa wagonjwa mahututi katika hospitali ya watoto ya Evelina, London, walipokea watoto 8 ndani ya siku 10, wote wakiwa na homa isiyotulia na mzunguko wa damu ulioporomoka. Wengi wao walianza na maumivu ya tumbo, kutapika na kuharisha. Mmoja wao alifariki dunia. Tarehe 27 Aprili 2020 chama cha wataalamu wa uangalizi mahututi wa watoto nchini humo kilitoa tahadhari kwa madaktari wote.

Wakati huohuo, hospitali ya mji wa Bergamo, Italia, eneo lililoshambuliwa vikali na wimbi la kwanza, ilibaini jambo linalofanana na hilo. Katika miaka 5 iliyotangulia, hospitali hiyo ilikuwa imepokea watoto 19 wenye ugonjwa wa Kawasaki. Kati ya katikati ya Februari na Aprili 20, 2020 pekee, ilipokea watoto 10 wenye dalili za namna hiyo. Kwa hesabu ya kila mwezi, ongezeko lilikuwa takriban mara 30.

Mwezi Mei 2020 visa viliripotiwa pia mjini New York na katika majimbo mengine ya Marekani. Tarehe 15 Mei 2020 Shirika la Afya Duniani (WHO) lilitoa maelezo ya awali ya kuutambua ugonjwa huo. Barani Afrika, madaktari wa Cape Town, Afrika Kusini, waliripoti mwaka huo kundi la watoto 23 waliolazwa katikati ya mwaka, wiki chache baada ya maambukizi kushika kasi katika mji huo. Mpangilio ulikuwa uleule kila mahali: wimbi la UVIKO-19 lilitangulia, na wimbi dogo la watoto wenye homa kali likafuata baada ya mwezi mmoja hivi.

Tofauti na ugonjwa wa Kawasaki

Ugonjwa wa Kawasaki umechukua jina la daktari wa watoto wa Japani, Tomisaku Kawasaki, aliyemwona mgonjwa wake wa kwanza mwaka 1961 na kuchapisha maelezo ya watoto 50 mwaka 1967. Nao huleta homa ya siku nyingi, vipele, macho mekundu, midomo iliyopasuka na kuvimba kwa mikono na miguu. Madhara yake makubwa ni kutanuka kwa ateri zinazoulisha moyo damu. Bila matibabu, takriban mtoto 1 kati ya 4 hupata madhara hayo.

Magonjwa haya mawili yanafanana, lakini si kitu kimoja. Kawasaki huwapata zaidi watoto walio chini ya miaka 5, nao ni mwingi zaidi Asia Mashariki. MIS-C huwapata zaidi watoto wa umri wa shule, wengi wao wakiwa na takriban miaka 8 au 9, na katika nchi za Magharibi watoto wenye asili ya Afrika walionekana kuathiriwa kwa wingi kuliko wenzao. Aidha, maumivu ya tumbo na udhaifu wa misuli ya moyo ni dalili zinazojitokeza mara nyingi zaidi katika MIS-C.

Kinachotokea mwilini

Virusi vinapoingia, mwili hutengeneza kingamwili na kuamsha seli za kinga. Kwa mtoto aliye wengi, vita huisha na walinzi hupumzika. Kwa mtoto mwenye MIS-C, kemikali zinazoita seli za kinga huendelea kumwagika katika damu. Kuta za mishipa hulegea na kuvuja, shinikizo la damu hushuka, na misuli ya moyo hushindwa kusukuma damu ipasavyo.

Sababu ya jambo hilo kumpata mtoto mmoja na kumwacha ndugu yake waliyeambukizwa naye bado inachunguzwa. Utafiti uliochapishwa Agosti 2024 katika jarida la kisayansi la Nature ulionesha kuwa, kwa takriban theluthi moja ya watoto waliochunguzwa, kingamwili zilikuwa zikishambulia protini ya mwili wenyewe iitwayo SNX8. Kipande cha protini hiyo kinafanana na kipande cha virusi vya UVIKO-19. Kwa maneno mengine, kinga ilijifunza kumtambua adui kwa alama ambayo hata mwenyeji anayo.

Jambo kama hili si geni kwa madaktari wa Afrika Mashariki. Wanaifahamu homa inayofuata maambukizi ya koo yaletwayo na bakteria, ambayo hudhuru vali za moyo wiki kadhaa baada ya koo kupona. Chanzo ni tofauti, lakini funzo ni moja: ugonjwa unaweza kuondoka na kuacha kinga ikiendelea kuushambulia mwili.

Dalili za kuangalia

Kwa mujibu wa maelezo ya WHO ya mwaka 2020, mgonjwa ni mtoto au kijana wa hadi miaka 19 mwenye homa ya siku 3 au zaidi, pamoja na angalau mambo mawili kati ya haya yafuatayo:

1. Vipele, macho mekundu yasiyotoa tongotongo, au mchochota wa midomo, mikono na miguu.
2. Kushuka kwa shinikizo la damu.
3. Dalili za moyo kuathirika, zinazothibitishwa kwa vipimo.
4. Hitilafu katika kuganda kwa damu.
5. Maumivu ya tumbo, kutapika au kuharisha.

Sambamba na hayo, vipimo vya damu vioneshe mchochota, kusiwe na maambukizi mengine yanayoeleza hali hiyo, na kuwe na ushahidi wa UVIKO-19 au wa kukaribiana na aliyeugua.

Utafiti wa watoto 186 kutoka majimbo 26 ya Marekani, uliochapishwa mwaka 2020, ulionesha uzito wa ugonjwa huo kwa waliolazwa. Watoto 92 kati ya kila 100 walikuwa na matatizo ya tumbo, 80 kati ya kila 100 moyo au mishipa yao ya damu iliathirika, na 80 kati ya kila 100 walihitaji uangalizi mahututi. Wanne kati ya 186 walifariki dunia.

Kwa mtoto mwenye ngozi nyeusi, wekundu wa vipele haujitokezi kwa urahisi. Mzazi atazame ngozi mchana kwenye mwanga wa kutosha, aipapase kuona kama imekwaruza, na akague viganja, nyayo, midomo na ulimi. Wekundu wa macho huonekana kwa watoto wote.

Kwa nini ni rahisi kuukosea

Katika nchi zetu, mtoto mwenye homa hupimwa malaria kwanza, na hivyo ndivyo inavyopasa kuwa. Malaria huua haraka na ina tiba. Tatizo hujitokeza pale kipimo kimoja kinapochukuliwa kuwa neno la mwisho.

Kipimo cha haraka cha malaria kikionesha kuwa hakuna vimelea na homa ikaendelea hadi siku ya tatu, mtoto anahitaji kuchunguzwa upya na si kupewa dawa ya malaria kwa kubahatisha. Kwa upande mwingine, vipimo vya haraka vinavyotumika kwa wingi vinaweza kuendelea kuonesha malaria kwa wiki kadhaa baada ya mtoto kutibiwa na kupona, kwa kuwa mabaki ya vimelea hubaki katika damu. Hivyo, jibu la kuwapo kwa malaria halifuti uwezekano wa ugonjwa mwingine. Mtoto aliyemaliza dozi sahihi na bado ana homa arejeshwe kituoni.

Magonjwa mengine yanayofanana na MIS-C ni homa ya matumbo, surua, dengi, na sumu ya bakteria katika damu. Maumivu makali ya tumbo yanaweza pia kudhaniwa kuwa ya kidole tumbo, na katika nchi mbalimbali wapo watoto waliofikishwa mbele ya madaktari wa upasuaji kabla chanzo halisi hakijajulikana.

Kipimo cha UVIKO-19 cha puani nacho hakitoshi. Kwa kuwa ugonjwa huu hujitokeza wiki 2 hadi 6 baada ya maambukizi, virusi mara nyingi havipo tena puani. Kipimo cha kingamwili katika damu huonesha kuwa mtoto aliwahi kuambukizwa, lakini hakisemi ni lini. Zaidi ya hayo, watoto wengi hupata UVIKO-19 bila dalili yoyote. Ndiyo maana historia inayotolewa na mzazi ina uzito wa kipekee.

Mambo ya kumweleza daktari

Mzazi au mlezi anapomfikisha mtoto kituoni, asisubiri kuulizwa. Aeleze mambo haya:

- Homa ilianza siku gani na imepanda kiasi gani.
- Katika wiki 6 zilizopita, je, mtoto alipata mafua, kikohozi au homa, hata kama ilikuwa nyepesi?
- Je, katika kipindi hicho kuna mtu yeyote nyumbani, shuleni au katika msiba au sherehe aliyekuwa na kikohozi, au aliyepoteza uwezo wa kunusa na kuonja?
- Mtoto amepimwa nini, lini, na kupewa dawa gani. Ni vyema kubeba vyeti na pakiti za dawa.
- Mara ya mwisho mtoto kukojoa ilikuwa saa ngapi.

Mtoto apelekwe hospitali mara moja, hata usiku, iwapo anashindwa kunywa au kunyonya, anatapika kila kitu, amepata degedege, amelegea au haamki vizuri, anapumua kwa shida, ana maumivu ya kifua, mikono na miguu yake ni ya baridi ilhali kiwiliwili kina joto, au hajakojoa kwa muda mrefu. Dalili hizi ni za hatari bila kujali ugonjwa ni upi.

Matibabu

Mtoto anayeshukiwa kuwa na MIS-C hutibiwa hospitalini. Kwanza madaktari huimarisha pumzi na mzunguko wa damu. Maji ya mshipani hutolewa kwa uangalifu, kwa kuwa moyo uliodhoofika hauwezi kuhimili maji mengi kwa mkupuo. Dawa za kuua bakteria hutolewa pia mara nyingi hadi itakapothibitika kuwa hakuna maambukizi ya bakteria katika damu. Hufanyika vipimo vya damu na kipimo cha moyo cha ECHO, ambacho huonesha nguvu ya misuli na hali ya ateri za moyo.

Hatua ya pili ni kuituliza kinga. Dawa mbili ndizo zimetumika zaidi. Ya kwanza ni imunoglobulini inayotolewa mshipani, ambayo ni kingamwili zilizochujwa kutoka katika damu ya wachangiaji wengi. Dozi yake ni gramu 2 kwa kila kilo ya uzito, hivyo mtoto wa kilo 20 huhitaji gramu 40. Ni dawa ya gharama kubwa, huhitaji kuhifadhiwa kwenye ubaridi, na si rahisi kupatikana katika hospitali nyingi za nchi zinazoendelea. Ya pili ni dawa za jamii ya steroidi, ambazo ni za bei nafuu na zinapatikana kwa wingi.

Tofauti hiyo ya bei ililifanya swali la dawa ipi ni bora kuwa swali la haki pia. Utafiti uliohusisha watoto 614 kutoka nchi 32, uliochapishwa mwaka 2021, haukupata ushahidi kuwa watoto waliopewa imunoglobulini pekee, steroidi pekee, au zote mbili walitofautiana katika kupona. Utafiti mwingine wa Marekani wa mwaka huohuo ulionesha kuwa waliopewa dawa zote mbili tangu mwanzo walipata matatizo machache zaidi ya moyo kuliko waliopewa imunoglobulini pekee. Mwezi Novemba 2021 WHO ilipendekeza steroidi zitumike kwa watoto waliolazwa kwa ugonjwa huu, pamoja na huduma nyingine za kuwasaidia. Kwa hospitali isiyo na imunoglobulini, pendekezo hilo lina maana kuwa matibabu yenye manufaa yanaweza kuanza bila kusubiri dawa ya gharama kubwa.

Madaktari huweza kuongeza aspirini ya kiwango kidogo ili kuzuia damu kuganda. Mzazi asifanye hivyo nyumbani. Aspirini kwa mtoto mwenye homa ya virusi inaweza kusababisha madhara adimu lakini mabaya ya ini na ubongo. Vilevile, steroidi zisinunuliwe dukani bila cheti cha daktari, kwa kuwa zinaweza kuficha na kuchochea maambukizi mengine.

Baada ya kutoka hospitalini

Watoto walio wengi hupona. Katika nchi zenye huduma za kutosha, vifo vimekuwa chini ya 2 kati ya wagonjwa 100. Katika nchi za kipato cha chini na cha kati vimeripotiwa kuwa juu zaidi, na kuchelewa kufika hospitalini ni miongoni mwa sababu. Kwa wengi wanaopona, nguvu ya moyo hurejea ndani ya wiki au miezi michache.

Hata hivyo, kuruhusiwa kwenda nyumbani si mwisho wa matibabu. Kipimo cha ECHO hurudiwa baada ya wiki 1 hadi 2, na tena baada ya wiki 4 hadi 6. Mtoto ambaye misuli ya moyo wake iliathirika asishiriki michezo ya nguvu kwa miezi 3 hadi 6, na arejee uwanjani kwa idhini ya daktari. Walimu wa michezo wajulishwe, maana mtoto anayeonekana mzima ni vigumu kumzuia asikimbie na wenzake.

Jambo jingine linalosahaulika ni chanjo ya surua. Kingamwili za imunoglobulini hubaki mwilini kwa miezi mingi na zinaweza kuizuia chanjo hiyo isifanye kazi. Kwa dozi inayotumika katika ugonjwa huu, inashauriwa chanjo ya surua isubiri miezi 11. Mzazi aombe tarehe ya matibabu iandikwe kwenye kadi ya kliniki, ili mhudumu wa chanjo aijue, na ili mtoto asipitwe na chanjo baada ya muda huo kutimia.

Hali ilivyo sasa

Nchini Marekani, ambako kumbukumbu zilitunzwa tangu mwanzo, zaidi ya watoto 9,000 waliripotiwa kupata ugonjwa huu. Visa vilipungua sana baada ya aina ya virusi iitwayo Omicron kuenea na baada ya watu wengi kupata kinga kwa chanjo au kwa kuambukizwa. Utafiti wa Marekani uliochapishwa Januari 2022 ulionesha kuwa dozi mbili za chanjo ya Pfizer zilipunguza uwezekano wa vijana wa miaka 12 hadi 18 kupata MIS-C kwa asilimia 91.

Kupungua si kutoweka. WHO ilitangaza mwisho wa dharura ya kimataifa ya UVIKO-19 tarehe 5 Mei 2023, lakini virusi vyenyewe vinaendelea kuzunguka, na kila mwaka huzaliwa watoto ambao hawajawahi kukutana navyo. Kadiri ugonjwa unavyokuwa adimu, ndivyo madaktari na wazazi wanavyouwaza mara chache zaidi, na hatari ya kuuchelewa huongezeka.

Kwa hiyo, mtoto akipata homa isiyotulia kwa siku 3, ikiandamana na macho mekundu, vipele au maumivu ya tumbo, apelekwe kituo cha kutolea huduma za afya, na mzazi ahesabu wiki 6 kurudi nyuma. Mafua yaliyopita bila kusumbua yatajwe pamoja na tarehe yake. Daktari hana kipimo cha maabara kinachoweza kumpa taarifa hiyo. Anaipata kwa mtu anayeishi na mtoto.